Ngiri na Shimo la Muhanga

Neno ngiri katika lugha yetu limetwikwa mizigo miwili: ni jina la mnyama wa porini, mwenye meno yaliyopinda nje ya mdomo na mkia usimamao wima akimbiapo, na ni jina la maradhi yashukayo katika kinena, ambayo wengine huyaita mshipa, na ambayo wauza mitishamba wa masokoni wamezoea kuyachanganya na chango, na busha, na kila uchungu ulio chini ya kitovu, hata mtu asiye na ngiri huuziwa dawa ya ngiri na akaondoka ameridhika. Mgongano huo wa majina umenifaa kuliko ulivyonisumbua, kwa sababu ngiri wa porini ana tabia moja ambayo sijapata istiara bora kuliko hiyo ya kuelezea maradhi haya: aghalabu hachimbi shimo lake mwenyewe. Shimo huchimbwa na muhanga, naye muhanga akiisha kuhama, ngiri huja akaingia kinyumenyume akakaa. Na mwenye shamba amfukuzaye leo kwa mbwa na mikuki, kisha akaziba mlango kwa matawi na mawe machache, asistaajabu kumwona kesho kutwa ametokea palepale, maana nyumba i vilevile kwa ndani.

Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga, ni nchi ya miinuko mikali ambayo wenyeji wake waliigeuza kuwa shamba kwa hekima iliyowaleta wataalamu wa kilimo kutoka nchi za mbali kuja kuitazama. Kilimo chao huitwa ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Zikisha kukauka hupangwa juu ya mteremko kwa mistari ipitanayo kama kitambaa cha miraba, na udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa ukatupwa juu ya nyasi hizo, yakabaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, ambayo huyapokea maji ya mvua yasiteremke na rutuba bondeni. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu ujao. Naye achimbaye, ashikaye jembe siku nzima hali ameinama, akivuta udongo kutoka chini kwenda juu, si mwanamume, ni mwanamke.

Nimeitaja kazi hiyo kwa kusudi. Katika mabaraza yetu mengi, ukiuliza kwa nini fulani alipasuliwa ngiri nayo ikamrudia, utajibiwa kabla hujamaliza swali kwamba fulani hakusikia aliyoambiwa, alishika jembe mapema, alibeba gunia la kahawa, alivuta mtumbwi. Jawabu hili ni la kale na lina sura ya haki, kwa maana humtwika mgonjwa dhambi ya maradhi yake. Walakini, kama kazi nzito peke yake ndiyo izaayo ngiri, basi vilima vya Umatengo vingejaa wanawake wenye ngiri, na hospitali zetu zingepasua wake kuliko waume. Mambo si hivyo. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walipotoa mwaka 2012 habari za wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena waliowapasua, ilidhihirika kwamba kwa kila mwanamke mmoja walikuwako wanaume zaidi ya 36. Jembe haliwezi kuwa ndilo muhanga. Muhanga ni mwingine, naye alichimba kabla ya mtu kuzaliwa.

Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake huumbwa juu, karibu na mafigo, kisha kabla ya kuzaliwa huteremka taratibu hata zikapenya ukuta wa tumbo na kufika katika mfuko wake, zikivuta nyuma yao kifuko cha utando mwembamba kama kidole cha glovu. Njia hiyo yapasa ijifunge. Kwa wengi hujifunga; kwa baadhi haijifungi kabisa, na mwanya unaosalia huwa kama mlango usiotiwa komeo, ambao waweza kukaa miaka hamsini bila mgeni, na waweza kufunguka mtoto angali mchanga. Hata palipojifunga, mahali hapo hubakia kuwa pembamba kuliko ukuta mwingine wa tumbo, kwa kuwa mshipa wa manii lazima upite. Na mtu akizeeka, au akikohoa miaka mingi, au akawa anajikakamua kukojoa kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume, ukuta wa nyuma hulegea ukajitokeza wenyewe bila kupitia mlango wa zamani. Kwa hiyo ngiri za kinena ni mbili, moja ya mlango na moja ya ukuta, na mtu mmoja aweza kuwa nazo zote mbili upande mmoja. Kule Bugando watu wa namna hiyo walikuwa karibu 12 katika kila 100. Daktari aiondoaye moja asiitafute ya pili amefukia tundu moja la shimo lenye matundu mawili, na miezi michache baadaye mgonjwa atasema ngiri yake imerudi, ilhali kwa kweli iliyoondolewa haikurudi: iliyoachwa ndiyo iliyojitokeza.

Watu wa zamani waliyajua maradhi haya kwa macho na kwa vidole. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013 na kuacha kitabu cha tiba chenye sehemu thelathini, alifundisha kuirudisha ngiri ndani kisha kuchoma kinena kwa chuma cha moto, ili kovu lizalike na kushikamanisha njia. Fikira yake haikuwa ya kipumbavu. Alijua kwamba haja ni kuziba, si kurudisha tu. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kovu la ngozi laweza kuzuia kile kilicho nyuma ya misuli. Dhana hiyohiyo i katika chale za waganga wetu, na katika mikanda ya ngozi yenye kifundo ambayo Wazungu waliivaa karne nyingi, kila asubuhi wakiyarudisha matumbo yao ndani na kuyafungia kama mbuzi zizini.

Katika pwani ya Ziwa Nyasa na vilima vilivyo nyuma yake, kisu cha hospitali kilikuja pamoja na msalaba. Mabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera, ambayo siku hizi imo katika Mbinga, mwaka uliofuata. Vita vya Maji Maji vikaiteketeza Peramiho mwaka 1905, nayo ikajengwa upya hata ikawa na hospitali ijulikanayo kusini yote. Upande wa ziwa walikaa Waanglikana wa misheni ya UMCA, wenye makao makuu katika kisiwa cha Likoma na meli yao Chauncy Maples iliyoanza safari mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kati yao alikuwako William Percival Johnson, aliyezunguka mwambao huo zaidi ya miaka arobaini, jicho lake moja likiwa limepofuka, akafia Liuli mwaka 1928. Huko nako ikawako hospitali ya misheni, na vilimani ikawako ya Litembo. Mwenye ngiri wa Umatengo alikuwa na mahali pa kwenda, ikiwa miguu yake, au mabega ya jamaa zake na machela, yangeweza kumfikisha.

Nje ya misheni, serikali ya Waingereza ilieneza zahanati ndogo zilizotunzwa na madresa. Dresa alikuwa mtu mwenye heshima, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na sanduku la dawa, lakini mipaka yake ilikuwa vidonda, homa na minyoo; ngiri hakuwa na ruhusa ya kuigusa, ila kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbali. Ndivyo ilivyojengeka desturi ya kukaa na ngiri, na desturi hiyo haijafa. Mtu hungoja kahawa iuzwe, kisha ada ya shule ilipwe, kisha bati linunuliwe, na ngiri iliyokuwa kama yai la kuku huteremka ikawa kama kibuyu. Kati ya wale 452 wa Bugando, karibu 45 katika kila 100 walikuwa wamekaa nayo zaidi ya miaka mitano, na wengine walifika utumbo umekwisha kunyongwa, ikabidi sehemu yake ikatwe. Mlango uliopanuliwa miaka mingi hauzibwi kwa urahisi wa mlango mpya, na ukuta uliopasuliwa usiku kwa dharura, katika uchafu wa utumbo uliooza, mara nyingi huingia usaha. Na mshono uliooga usaha haushiki. Hii ni sababu mojawapo ya kurudi kwa ngiri ambayo haina fumbo lolote.

Fumbo liko katika zile zilizopasuliwa mchana, kwa utulivu, na mtu mwenye elimu, zikarudi.

Yapasa hapa tusafiri hadi Italia. Edoardo Bassini alizaliwa Pavia mwaka 1844, na alipokuwa kijana alijiunga na vita vya kuiunganisha nchi yake. Mwaka 1867, karibu na Roma, askari wa Papa alimchoma singe katika kinena, akachukuliwa mateka, na jeraha likamtesa muda mrefu likitoa kinyesi. Mtu huyo, ambaye kinena chake mwenyewe kilimfundisha pamoja na vitabu, akawa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Padua, na mwaka 1884 akaanza kupasua ngiri kwa namna isiyopata kufanywa. Kabla yake wapasuaji walifunga kifuko na kushona mlango wa nje, na wagonjwa wao walio wengi walirudiwa katika miaka michache. Bassini alifungua njia nzima. Akakifunga kifuko juu kabisa kinapoanzia. Kisha, na hapa ndipo penye moyo wa habari, akaupasua ukuta wa nyuma kwa kusudi tangu tundu la ndani mpaka karibu na mfupa wa kinena, ili auone wote na afikie tabaka zake zote. Akazichukua tabaka tatu kwa pamoja akazishona kwa uzi wa hariri katika kano iliyo chini. Hakuziba mlango. Alibomoa kibanda akajenga ukuta. Tena akafanya jambo ambalo wenziwe hawakulizoea, la kuwafuatia wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka, na katika hesabu yake ya operesheni 262 waliorudiwa hawakutimia kumi.

Habari hizo zilienea duniani kwa kasi, na kasi ndiyo iliyoziharibu. Wasomaji wa pwani, ambao wamekuzwa na ilimu ya hadithi na isnadi zake, hawahitaji kuelezwa jinsi neno lipitalo katika vinywa kumi linavyoweza kufika kwa wa kumi likiwa na jina lilelile na maana nyingine. Na aliyesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ajua kwamba nukta moja ikidondoka, neno zima hugeuka. Nukta iliyodondoka katika operesheni ya Bassini ni kule kuupasua ukuta wa nyuma. Wapasuaji wa nchi nyingine waliona kazi hiyo ni ndefu na ya hatari. Wakaiacha, wakavuta misuli ya mbele tu wakaishona na kano, wakasema wamefanya Bassini. Wengine waliacha hariri wakatumia uzi wa utumbo wa kondoo, ambao mwili huuyeyusha, nao katika majuma mawili au matatu hupoteza nguvu zake, ilhali nyama ngumu ya kinena huhitaji miezi kushikana sawasawa. Mwalimu alimfundisha mwanafunzi, mwanafunzi akamfundisha mwanafunzi, na katika hospitali nyingi za makoloni, ambako daktari mmoja alikuwa mzalishaji, mng'oa meno na mpasuaji, iliyofika ilikuwa hiyo iliyopunguzwa. Attilio Catterina, aliyekuwa msaidizi wa Bassini, alihuzunika kiasi cha kutoa mjini London, mwaka 1934, kitabu cha picha zenye kuonyesha kila hatua ya bwana wake. Walakini wakati huo Bassini amekwisha kufa miaka kumi, na nakala mbovu imekwisha kuwa sunna.

Kwa nini kuvuta misuli na kuishona kusishike? Mvuvi wa usipa wa Mbamba Bay aweza kulijibu swali hili bila kwenda chuo. Wavu ukitoboka tundu la ukubwa wa kiganja, mtu mvivu huzikutanisha kingo za tundu akazifunga kwa nguvu, na wavu huonekana mzima ungali pwani. Ukitiwa majini ukajaa samaki, hupasuka tena, si pale palipofungwa bali kando yake, kwa sababu nyuzi za jirani zimevutwa kupita kadiri. Fundi hutia kiraka cha macho mapya, kisichovuta wala kuvutwa. Nyama nayo ina hukumu hiyohiyo, na zaidi: ikivutwa kwa mshono uliokazwa hukosa damu, na isiyopata damu hufa polepole chini ya uzi, ukabaki uzi mzima umeshika nyama iliyooza. Mgonjwa anayehisi kitu kimekatika alipoinua debe la maji hakukosea kuhisi. Lakini debe lilitangaza tu habari iliyokuwa tayari.

Ushahidi wa kwamba mzigo umesingiziwa ulitoka Kanada. Earle Shouldice alifungua hospitali yake Toronto mwaka 1945, akarudi katika desturi ya kuufungua ukuta wa nyuma na kuushona kwa tabaka zilizolaliana, bila kukaza. Tena akapasua kwa dawa ya ganzi ya mahali tu, na mgonjwa akateremka kitandani na kutembea papo hapo, katika zama ambazo waliopasuliwa ngiri walilazwa chali majuma mawili au zaidi kama mayai. Wagonjwa wake wakarudiwa kwa kiasi cha mmoja katika mia. Simshauri mtu aliyepasuliwa juzi apande ngazi na gunia la kilo 60, maana jeraha ni jeraha, na kikohozi, na kufunga choo, na tumbaku vina ubaya wao. Lakini wazee niliowasikia wakijilaumu maisha yao yote kwa ndoo moja ya maji ningependa wasikie habari za Toronto.

Mtoto mdogo anatoa dalili nyingine. Kwake yeye daktari hufunga kifuko tu, hajengi chochote, na ngiri yake hurudi kwa nadra sana, kwa kuwa ukuta wake haujachakaa. Yale yafanywayo kwa mtoto, yakifanywa kwa mzee wa miaka sitini, ni kumwalika ngiri arejee.

Baada ya uhuru, Tanganyika ilianza mwaka 1963 kuwafunza madaktari wasaidizi, ambao kwa miaka mingi wamebeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani, na mtu wa Mbinga aliyepasuliwa ngiri yumkini ni mmoja wao aliyempasua. Walijifunza walichofundishwa. Katika ile hesabu ya Bugando, ambayo ni hospitali kubwa ya rufaa, karibu 80 katika kila 100 walishonwa kwa Bassini iliyorekebishwa, jina la adabu la nakala tuliyoitaja. Na waliowekewa wavu, ambao Ulaya na Marekani ulikuwa desturi tangu miongo miwili, hawakuwa kumi wala watano. Alikuwa mmoja.

Wavu wenyewe ni kile kiraka cha mvuvi. Francis Usher wa Marekani alianza kutumia wavu wa plastiki mwishoni mwa miaka ya 1950, na Irving Lichtenstein wa Los Angeles akatangaza mwaka 1989 habari za watu elfu moja waliowekewa kiraka bila kuvutwa misuli, wakabaki salama. Kizuizi kwetu kilikuwa bei. Wavu mmoja wa kiwandani uliuzwa kwa dola mia na zaidi, kipande kisichotimia ukubwa wa leso, na hospitali ya wilaya iliyohesabu glovu haikuweza kukinunua. Ndipo Wahindi, wakiongozwa na daktari Ravindranath Tongaonkar katika miaka ya 1990, wakajaribu kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa, na wengine wakafuata Ghana na Burkina Faso. Kuna kinyume cha mambo hapa kinachonichekesha: katika mwambao wa Nyasa serikali imehangaika miaka mingi kuwazuia watu wasivulie usipa kwa vyandarua walivyopewa kujikinga na malaria, na huku chandarua chenyewe, kikiwa mikononi mwa mpasuaji, ni wavu wa kumnasa ngiri.

Jaribio lililomaliza ubishi lilifanywa kwa jirani zetu, katika hospitali ya misheni ya Kamuli, mashariki ya Uganda, na matokeo yake yakatangazwa Januari 2016. Wanaume 302 waligawanywa kwa kura, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani na nusu kitambaa cha chandarua kilichogharimu kama dola moja, kisha wakafuatwa mwaka mzima, kama Bassini alivyowafuata wa Padua. Aliyerudiwa na ngiri alikuwa mtu mmoja, naye ni wa chandarua. Hesabu ya wataalamu haikuona tofauti baina ya makundi mawili.

Wanaofikiri kuifanya kazi hii katika hospitali zetu za vilimani wana hatua moja ndogo ya kuangalia. Kitambaa hicho ni cha polithini, na yapasa kisafishwe kwa mvuke wa digrii 121. Chungu cha mvuke kikipandishwa hadi digrii 134, kama ifanywavyo kwa vyuma ili kuokoa muda, kitambaa hujikunja.